Kufundisha manesi wa zahanati kuhusu sonona, anzia hapa

Dada, umesema wewe ni tabibu wa zahanati huko Makete, umepewa kazi ya kuwafundisha manesi kumtambua mwenye sonona au wasiwasi na hujui uanzie wapi. Mi niko Mbeya, nafanya hiyo hiyo, nakushauri usianze na slaidi. Anza na wagonjwa wanaowajua, yule mama anakuja kila wiki kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, usingizi hapati, anapimwa malaria hana, anapewa panadol anarudi, yani hakuna aliyemuuliza nyumbani kukoje. Afu waigize, mmoja mgonjwa mmoja nesi, warudie mpaka wazoee kunyamaza na kusikiliza, hapo ndo pagumu kweli.

Kwa sonona, maswali 9 ya PHQ-9, yani dodoso fupi la kuipima, yanawatosha, yanauliza wiki 2 zilizopita, ila lile la mwisho la kutaka kufa au kujidhuru wasiliruke kabisa, kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Mwongozo wa mhGAP wa WHO, ule wa kuwahudumia wenye matatizo ya akili kwenye vituo visivyo na wataalamu wa akili, upitie nao taratibu. Dawa za sonona wamwambie mgonjwa mapema zinachukua wiki kadhaa, la sivyo ataacha. Na semina ikiisha ukae nao kila mwezi mjadili wagonjwa waliowaona.