Muulize Fundi: Roma na kurudi kwa siku 9, kwa gari la viti viwili

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Leicester, Uingereza, huu mwaka wa 11. Mwaka jana nilinunua Mazda MX-5 ya 2017, ya turubai, usukani kulia. Gari la namna hii nimelitamani tangu niko shule ya msingi. Mwishoni mwa Juni mimi na mke wangu tuna siku 9. Nimepanga tuvuke kwenda Ufaransa, tupite Nürburgring, ule uwanja wa mbio za magari kule Ujerumani, nizunguke mara mbili, tupande Stelvio, ile barabara ya kona nyingi kwenye milima ya Italia, tushuke mpaka Roma, turudi kwa Monaco na Paris. Mimi nina pasi ya Uingereza, mke bado anatumia ya Tanzania. Fundi wa hapa ameliangalia gari akasema halina tatizo, niwashe niende. Mke ana wasiwasi na mizigo, na kona humtia kichefuchefu. Je, safari hii inabebeka?

Msomaji, Leicester

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na umsalimie sana shemeji.

Haibebeki. Nakwambia mapema kabla hujalipia hoteli. Nimepima njia zako kwenye ramani, zinapita kilomita 4,000. Ukigawa kwa siku 9 unapata zaidi ya 440 kila siku, bila siku hata moja ya kuliegesha gari mkanyoosha miguu. Kwa gari la familia kama Passat hilo linawezekana. Kwa MX-5 umekaa chini, miguu imenyooka, springi ngumu, na kwenye barabara kuu turubai linavuma masikioni kutwa nzima. Mimi sipangi safari ya gari kama hili kwa kilomita, napanga kwa saa za kukaa kwenye kiti: saa 6 siku ya barabara kuu, saa 4 siku ya milima, basi. Ukizidisha hapo, siku ya tatu utakuwa unaendesha ili ufike tu, na hukununua gari hili kwa kazi hiyo.

Roma iache. Inakula siku 3 za barabara kuu kwenda na kurudi, na barabara kuu ya Italia haina kitu cha kulipa gari lako. Monaco na Paris nazo ziache. Shika milima.

Ondokeni Leicester saa 11 alfajiri, mpande treni ya magari Folkestone. Dakika 35 mko upande wa pili. Kutoka Calais shikeni A26 mpaka Reims, mlale hapo. Nje kidogo ya Reims, kijiji cha Gueux, kuna majukwaa na vibanda vya mafundi vya uwanja wa zamani wa mashindano, vimesimama kando ya barabara ya kawaida kabisa ambayo magari ya mbio yalipita kuanzia miaka ya 1920. Egesha hapo jioni, jua likiwa limelala. Mimi nimepita mara tatu na kila mara nimekaa zaidi ya nilivyokusudia.

Siku ya pili nendeni Baden-Baden kupitia Strasbourg. Ya tatu mpande B500 inayopita juu ya Msitu Mweusi mpaka Freudenstadt, kisha mteremke hadi Bregenz kwenye ziwa. Ya nne ni Austria: pita juu ya mlima wa Arlberg, usiingie kwenye handaki lake, halafu mpande njia ya mlimani ya Reschen, ambako mtaona mnara wa kanisa umesimama peke yake katikati ya ziwa. Kijiji kilizamishwa na bwawa mwaka 1950, mnara ukabaki. Laleni Prad, chini ya Stelvio. Siku ya tano Stelvio asubuhi, jioni mko ziwa Como. Ya sita gari lisiguswe. Ya saba rudini kwa mlima wa Gotthard, Uswisi, mpaka Luzern, mkipita juu, ile barabara ya zamani ya mawe iitwayo Tremola, polepole maana gari lako liko chini. Ya nane Reims tena, ya tisa nyumbani. Jumla ni kama kilomita 2,800, na zilizo bora kuliko zote mtakuwa mmezipita mkiwa hamjachoka.

Nürburgring. Najua hapa nitakuumiza. Ile njia ndefu ina karibu kilomita 21, na siku za wazi mtu yeyote analipa anaingia na gari lake. Lakini soma bima yako ya Uingereza mstari kwa mstari. Nyingi hukataa kabisa kugharimia ajali ya mahali pale. Ukigonga chuma cha pembeni unalipa chuma, unalipa kuvutwa, unalipa na muda ambao njia imefungwa kwa ajili yako, na gari lako la ndoto unalirudisha juu ya lori. Na wewe ungekuwa peke yako usiyeijua kona inayofuata, nyuma yako kuna wenyeji wanaokuja kwa kasi mara mbili ya yako. Kama roho haitulii, fanya safari nyingine fupi, ukasimame kwenye uzio wa kona ya Brünnchen uangalie wengine. Kwa safari hii ya shemeji, hapana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague barua yako kati ya zote za mwezi huu: fundi aliyekwambia uwashe uende. Muulize oili ya breki ilibadilishwa lini. Asipokuwa na tarehe, hajaliangalia gari.

Baba yangu aliendesha lori la kabeji kutoka Lushoto kuteremka Mombo. Alinifundisha mimi na kaka zangu neno moja ambalo kila dereva wa ile barabara analo: gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Nilikua nalo. Na bado mwaka 2009 nilikwenda Stelvio na MX-5 ya 2001 niliyokuwa nimeinunua majuma matatu kabla, aliyeniuzia akisema oili ya breki ni mpya, nami nikamwamini bila kufungua kifuniko. Nilipanda vizuri, zile kona 48 za upande wa Prad, kila moja ina namba yake, unahesabu kurudi nyuma mpaka 1. Juu kabisa ni mita 2,757, karibu urefu wa kituo cha Mandara pale Kilimanjaro. Nikanywa chai, nikaanza kuteremka Bormio. Upande huo unashuka mita 1,500 ndani ya kilomita kama 20.

Mbele yangu kulikuwa na basi la watalii. Nilikuwa gia ya tatu, nagusa breki, naachia, nagusa tena. Kwanza ikaja harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Halafu kwenye kona moja pedeli ikawa laini, kona iliyofuata ikaenda mpaka sakafuni na gari halikupungua. Nakumbuka goti langu lilivyonyooka pasipo kitu cha kulizuia. Nikatia gia ya pili, injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikaliegemeza gari kwenye ukuta wa mawe upande wa mlima. Ubavu wote wa kulia ulikwaruzika. Upande wa pili wa barabara ile hapakuwa na ukuta.

Baada ya saa nzima pedeli ilirudi kuwa ngumu kana kwamba hakuna lililotokea. Ndivyo inavyokuwa. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, polepole, miaka yote gari likiwa barabarani au limelala. Oili mpya ya DOT 4 haichemki mpaka ipite nyuzi 230. Ikishalewa maji inaweza kuchemka kuanzia 155, na breki za mteremko mrefu hufika huko bila taabu. Ikichemka inakuwa povu, na povu halisukumi kitu. Ikipoa, povu linapotea. Nyumbani niliifungua ile chupa: oili mpya ina rangi ya mafuta ya alizeti, yangu ilikuwa kama chai ya rangi.

Kwa hiyo: oili ya breki ibadilishwe kama imepita miaka 2 au kama hujui. Pedi zipimwe unene, si kutazamwa kwa tochi. Tairi usiangalie kashata peke yake, soma na tarehe ya kutengenezwa ubavuni, namba nne, wiki na mwaka. Maji ya rejeta na feni vijaribiwe gari likiwa limesimama linawaka, maana nyuma ya baiskeli kwenye kona za Stelvio utakwenda mwendo wa kutembea jua kali. Na ukiteremka, gia ya pili. Breki ibonyezwe kwa nguvu mara moja kabla ya kona kisha iachiwe kabisa, usiifanye ya kupapasa kama nilivyofanya mimi.

Gari lako halina spea tairi, lina chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari, haizibi ubavu uliopasuka. Basi nunua huduma ya kuvutwa inayofika Ulaya bara, na uipigie kampuni ya bima umuulize aliyepokea simu neno moja: je, bima yangu kamili inabaki kamili nikivuka, au inashuka kuwa ya mtu wa tatu? Nyingi hushuka. Mwongeze shemeji kwenye bima hiyo hiyo, nitakwambia kwa nini.

Buti lako ni lita 130. Masanduku magumu yaacheni nyumbani, mchukue mifuko miwili laini ya saizi ya kuingia nayo kwenye ndege, na viatu visukumwe pembeni vikiwa vitupu bila maboksi. Makoti yakae nyuma ya viti kama nafasi inaruhusu. Fulana ya kung'aa iwe ndani mlipo, siyo kwenye buti, kwa sababu Ufaransa unatakiwa uivae kabla ya kutoka kwenda kuweka pembetatu. Taa za gari la usukani kulia zibandikwe vile vibandiko vya kugeuza mwanga. Na angalia namba yako ya usajili: gari la 2017 mara nyingi lina GB na nyota za Ulaya. Hiyo haitoshi tena tangu Septemba 2021, bandika stika ya UK.

Upande wa kulipia, shemeji atakuwa kushoto, kwa hiyo tiketi za barabara ya Ufaransa ni za mkono wake. Kuovateki pia ni macho yake. Usijibanze nyuma ya lori, kaa mbali uone mbele. Austria na Uswisi zina stika ya barabara kuu, ya Uswisi ni faranga 40 na inaweza kununuliwa kwa intaneti. Uswisi usicheze na mwendo hata kidogo: 120 ni 120. Como katikati kuna eneo lililofungwa kwa magari yasiyo na kibali, mwombeni mwenye hoteli aandikishe namba yenu kabla hamjaingia, vinginevyo kamera itaileta barua Leicester. Kwenye sheli, "gazole" Ufaransa na "gasolio" Italia ni dizeli. Wengi wamesoma haraka wakajaza.

Visa ya shemeji ndiyo ya kuanza nayo, leo. Watu hudhani inaombwa kwa nchi unayoingilia. Inaombwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, na kwa ratiba niliyokupa hiyo ni Italia: Prad usiku 1, Como 2, wakati Ufaransa ni 2 na nyingine zote ni 1 moja. Uswisi imo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hiyo hatoki wala haingii upya. Ada ni euro 90, na bima ya matibabu ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi yanapokelewa miezi 6 kabla ya safari, na miadi ya majira ya joto hujaa mapema. Pasi itakaguliwa palepale Folkestone, maana maafisa wa Ufaransa wapo upande wa Uingereza.

Na kichefuchefu: asisome ramani wala simu kwenye kona, ale kitu kikavu saa moja kabla, turubai liwe wazi. Lakini dawa niliyoiona ikifanya kazi ni usukani. Anayeendesha huwa ameshaijua kona kabla mwili haujaisikia, ni nadra kuugua. Wewe panda Stelvio kutoka Prad, saa 1 asubuhi kabla pikipiki hazijajaa, siku ya kazi, siyo Jumamosi. Juu mbadilishane. Mpe yeye mteremko wa Bormio, mwambie habari ya gia ya pili, nawe ukae kushoto utazame milima ambayo dereva hawezi kuitazama.

Oili ya breki ibadilishwe mwezi Mei, siyo siku moja kabla ya kuondoka, ili uendeshe wiki mbili ukijua pedeli inakaa wapi. Ukishaibadilisha niandikie ilitoka na rangi gani.