Leso, kitani na laini

Swali: Kwetu Mombasa leso ni nguo ya kujifunga. Shemeji yangu wa Morogoro hunicheka: kwake leso ni ya kufutia jasho, ya kujifunga ni kanga. Nani amekosea? Na je, leso lina undugu na kitani?

Jibu: Hajakosea mtu. Neno limetoka kwa Wareno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi au cha kichwani, na shemeji yako amebaki na maana hiyo. Maana ya Mombasa ina kisa chake. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa bado, wakachukua sita, wakaunga vitatu juu na vitatu chini, ikawa nguo moja ya kujitanda. Nguo ikakua, jina likabaki lilelile.

Kuhusu kitani, umegusa penyewe. Wareno walilirithi neno lao kutoka Kilatini. Waroma waliuita mmea wa kitani linum, kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zake linteum, na mfumaji au mfanyabiashara wake lintearius. Linteum lilibeba mengi: taulo, pazia, hata tanga la chombo. Katika Biblia ya Kilatini, Yohana 13:4, Yesu anapojifunga kiunoni ili awaoshe wanafunzi miguu, anachojifunga ni linteum. Biblia yetu inasema “kitambaa”. Ukipenda, sema ile ndiyo leso ya kale, tena ya kujifunga! (Usimwambie shemeji, atadhani nakupendelea.)

Ila neno kitani lenyewe halimo katika ukoo huo. Tumelipata kwa Waarabu, kattan. Tena lisichanganywe na katani ya Tanga: kitani ni nyuzi za bua, katani ni nyuzi za jani la mkonge. Na leso unayovaa leo, kwa kawaida, ni pamba tupu.

Mjukuu wa kweli wa linum unaye mfukoni. Uzi wa kitani Waroma waliuita linea. Mafundi waliunyoosha kupima mstari, na mstari nao ukaitwa hivyo. Kwa njia ya Kiingereza tukapata laini, ile ya simu. Laini ya “ngozi laini” ni neno jingine kabisa, la Kiarabu: layyin.