Upinde mrefu na viraba vya kuzuia mtikisiko: maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka kitu kimoja, kwamba upinde mrefu unapiga mkono na je tubandike dampa zile za raba. Nimechagua machache, mengine yanafanana mno.

Nina upinde mrefu wa pauni 45, kila nikiachia unanigonga mpaka kwenye kiwiko. Watu wa kompaundi (pinde za kisasa zenye magurudumu nchani) naona wanabandika viraba kwenye mikono ya upinde, na mimi nibandike?

Usibandike kwanza. Huo mshtuko unatoka wapi? Ukivuta, nguvu inajaa kwenye mikono ya upinde, ule wa juu na ule wa chini, ukiachia nguvu nyingi inaondoka na mshale lakini si yote, kuna inayobaki kwenye mikono yenyewe na ugwe, na hivyo vilikuwa vinakimbia mbele kwa kasi halafu ghafla ugwe umenyooka vimesimamishwa, sasa hiyo nguvu itaenda wapi kama si kwenye kishikio, na kishikio si umekishika wewe? Rikavu ya chuma, ule upinde wenye ncha zilizopinda mbele, ina kishikio kizito kinachomeza sehemu kubwa ya mtikisiko. Upinde mrefu hapo katikati ni mbao nyembamba tu, hauna uzito wa kumeza chochote.

Dampa inahangaika na nguvu iliyokwisha kubaki. Mimi nataka ibaki kidogo tangu mwanzo, na hapo ndo naanza kuuliza habari za mshale wako. Mshale mzito unaondoka na sehemu kubwa zaidi ya nguvu, mwepesi unakuachia wewe. Kwa pinde za asili wengi tunakaa kwenye greni (kipimo kidogo cha uzito wa mshale) 8 hadi 10 kwa kila pauni, kwa hiyo pauni 45 ni kama greni 360 mpaka 450, yaani gramu 23 hadi 29 hivi, mshale mzima na ncha yake. Na pauni ni zile unazovuta wewe kweli, sio zilizoandikwa kwenye upinde, maana zile zimepimwa upinde ukivutwa inchi 28 na huenda wewe unaishia 26. Ukiwa na mishale ya kaboni ya greni 300 basi jibu umeshalipata, ongeza ncha nzito (ila angalia ugumu wa mshale, ncha nzito inaufanya ulegee zaidi) au tafuta mishale ya mbao.

Nikizibandika nitapoteza spidi?

Inategemea ulipoweka. Karibu na kishikio mkono wa upinde hausogei sana kwa hiyo spidi hupotezi, lakini kwa sababu hiyohiyo dampa nayo haina kazi kubwa pale. Ukisogeza kuelekea nchani spidi inashuka, na kibaya zaidi unaongeza uzito palepale panapoleta mshtuko! Mafundi wa pinde wanakaa wanakwangua ncha ziwe nyembamba kadiri inavyowezekana, halafu wewe unakuja kubandika raba, kwa kweli inauma.

Ila tusiwaonee wauzaji. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya, lile pigo la kwanza linalogonga kiganja na ule mvumo wa vuuum unaofuata nyuma yake. Mvumo raba inaukata, utausikia umeisha haraka. Pigo la kwanza lilishafika mkononi kabla raba haijafanya lolote. Kama unabisha, zifunge kwa utepe wa kubandua badala ya gundi (gundi nyingine ukiitoa inaondoka na vanishi), mikono yote miwili sehemu sawa na uzito sawa, halafu mwambie mwenzako awe anazifunga na kuzitoa bila kukuonyesha, wewe usiangalie mikono ya upinde, uchukue mshale, upige, useme kama zipo au hazipo. Ukipatia kila mara, ziache zikae hapohapo.

Shida yangu ni kelele, mnyama anasikia kabla mshale haujafika.

Hiyo ni kesi nyingine na dawa yake iko kwenye ugwe. Sailensa, yaani vizuia kelele, za manyoya au vishada vya sufi, kimoja weka kama robo ya ugwe kutoka ncha ya juu na kingine theluthi kutoka ncha ya chini, zisilingane, maana zikilingana ugwe unaweza kuendelea kuimba kati yao. Ziwe nyepesi. Kama unashindana kwa kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la upigaji mishale, kwenye daraja la upinde mrefu, sailensa za ugwe zinaruhusiwa ila zisiwe karibu zaidi ya sentimita 30 na pale mshale unapokaa kwenye ugwe.

Ugwe ukae mbali kiasi gani na kishikio?

Anza na alichosema aliyetengeneza upinde. Mirefu mingi ya kisasa yenye faibaglasi iko kati ya inchi 6.5 na 7.5, ile ya Kiingereza ya mbao tupu huwa chini ya hapo. Sokota ugwe mizunguko michache, piga mishale kadhaa, sikiliza, sokota tena, kuna sehemu utasikia upinde umetulia wenyewe. Angalia na noki pia, ule mkato wa nyuma ya mshale unaoshika ugwe: mshale uning'inie kwenye ugwe lakini ukigonga ugwe kwa kidole udondoke. Noki ikilegea mno mshale unaweza kuchomoka ukapiga hewa, yaani ukaachia ugwe bila mshale, na kupiga hewa ndo kunavunja pinde.

Mzee mmoja ananiambia Waingereza wa zamani hawakuwa na raba na hawakulalamika.

Kama hawakulalamika sijui amewasikia wapi. Ila raba kweli hawakuwa nazo. Meli ya kivita ya Waingereza, Mary Rose, ilizama 1545, ikaopolewa 1982, na ndani zilikutwa pinde zaidi ya 100 za mti wa yuu, nyingi zinakadiriwa kuvutwa kwa zaidi ya pauni 100. Lakini mwambie mzee amalizie hadithi, wale walipiga mishale mizito ya vita. Tunarudi kulekule kwenye uzito wa mshale.

Upinde wangu ulikuwa mtulivu, wiki hii umeanza kutetemeka ghafla. Dampa itasaidia?

Weka raba mbali kabisa, na usiupige tena mpaka uukague. Pima umbali wa ugwe, kama ni wa nyuzi za dakroni unaweza kuwa umerefuka na umbali umeshuka, hiyo ni nafuu, sokota tu. Pitisha pamba taratibu juu ya mikono yote miwili, ikinasa popote pana kibanzi kimeinuka. Tazama pembeni kwenye tabaka kama gundi imeachia, chunguza na ncha zinapobeba ugwe. Kisha uuangalie ukiwa umefungwa ugwe, kama mkono mmoja umeanza kukunjika kuliko mwingine tofauti na zamani, ufungue ugwe polepole umpelekee fundi, usijaribu hata mshale mmoja wa kuhakikisha.