Ukizidi arobaini na bado unapenda magitaa mazito

Wengi wa rika langu tunaopenda hevi metali hapa Mbeya tunaisikilizia kwenye hedifoni, maana nje kuna majirani, kwaya, na watoto wanaotuonea haya. Lakini magitaa mazito si mageni kwetu. Miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na roki yake, Zamrock, yenye bendi kama WITCH na Amanaz, tena kulikuwa na Paul Ngozi. Tunduma si mbali, na kaseti haikuhitaji viza.

Kuiona bendi ikipiga mbele yako ni habari nyingine. Kwa hilo mimi hupanda basi hadi Nairobi, kwenye matamasha madogo ya siku moja, ukumbi wa watu mia mbili au tatu. Kama umezidi arobaini na unajiuliza iwapo umechelewa, hujachelewa. Ila nenda na mwili ulio nao sasa, ule wa kidato cha sita uache kwenye picha.

Anza na masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka ukomo wa kelele wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Piga hesabu: kwenye desibeli 100 unabakiwa na dakika 15, na ukumbi mdogo hufika hapo kabla mpiga dramu hajatoka jasho. Chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na sisi wa umri huu tumeshapoteza kadhaa bila hata kwenda tamashani. Pamba haisaidii kitu. Tafuta viziba masikio vya sponji, vile wanavyovaa mafundi wa mashine. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kisukume ndani, kisha kishikilie mpaka kivimbe. Wengi huvichomeka nusu halafu wanalalamika kwamba havifanyi kazi. Usiogope kuchekwa; wapigaji wengi huko jukwaani wamevaa vyao.

Pa kusimama ni karibu na fundi mitambo. Yeye hurekebisha sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna mahali muziki unasikika vizuri kuliko pale alipo. Mbele ya jukwaa waachie vijana wanaosukumana. Mimi huingia wimbo mmoja, pembeni, kisha narudi kwa fundi wangu. Shingo nayo usiitese: tikisika kuanzia kiunoni, taratibu, la sivyo kesho yake utashindwa kugeuka kuangalia gari.

Hakuna aibu yoyote katika kujirekebisha hivi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, moja ya bendi za kwanza za hevi metali, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, Birmingham, akiwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akafunga nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Uzito ule wa gitaa tunaousafiria kilomita zote hizi umetokana kwa sehemu na mtu aliyeukubali mwili wake ulivyo.

Safari ni ndefu: Iringa, Dodoma, Arusha, Namanga. Igawe kwa kulala Arusha, na hakikisha pasipoti haijaisha muda. Kwa hewa na baridi Nairobi haitakushinda, kwani miji yote miwili, Mbeya na Nairobi, iko juu ya mita 1,600 na Julai yao ni kama yetu. Beba koti. Kwa mazoezi tunao mlima Loleza hapa hapa mjini. Atakayeupanda bila kusimama kila hatua ataweza kukaa wima kwa muda wa saa sita ukumbini. Mchana wa tamasha lala, maana bendi kubwa hupanda jukwaani usiku sana.

Nyumbani sema ukweli unakokwenda. Ukidanganya kuwa ni msiba, utaulizwa aliyefariki ni nani. Mavazi hayana masharti. Mashabiki wa Botswana wamejulikana duniani kwa mavazi ya ngozi nyeusi, minyororo na kofia pana, lakini ngozi ndani ya basi la mchana kutwa ni adhabu. Fulana nyeusi inatosha. Vijana wa Nairobi watakuita mzae na kukupisha mlangoni. Pokea heshima hiyo, usianze kuwahadithia kwamba muziki wa zamani ulikuwa bora. Wasikilize Duma, bendi ya Nairobi, kwanza kabla hujasafiri, wawili tu lakini kelele ya kiwanda kizima, ndipo uniambie kama vijana wameishiwa.

Bakiza pesa ya fulana ya bendi. Bendi ndogo haipati kikubwa kwenye kiingilio, fulana ndiyo nauli yao. Nunua mapema na uchukue saizi kubwa kuliko uliyoizoea, kwa kuwa wanachapa nyingi za vijana wembamba, na zetu sisi wenye vitambi ndizo zinazowahi kwisha.