Mmoja nilimtetea, mwingine nikampandisha kivuko

Juzi usiku umeme umekatika hapa Chikongola, Mtwara, nimekaa barazani na mbu wangu, simu ikatoa mwanga. Ujumbe wa dada mmoja wa Lindi. Shikamoo kaka, kaandika, kisha akaingia kwenye mada bila kuzunguka. Ni katibu wa kikundi cha vijana, kachaguliwa kwa kura. Sasa wenzake wanamtaka aachie nafasi kwa sababu kwenye kikao aliteleza akasema siku hizi hajioni kuwa na dini yoyote. "Nijiuzulu na heshima yangu, au nisubiri wanitoe?"

Nikamjibu: usijiuzulu. Halafu usingizi ukanikimbia, maana jibu lenyewe lilikuwa jepesi mno kutoka kwa mtu mwenye deni kama langu.

Haya mambo nayajua kwa pande zote. Nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni, wilaya siitaji, kulikuwa na kikundi kilichokwenda kambi kila likizo. Mwislamu nilikuwa peke yangu. Sala ya jioni ilikuwa ya wote, na asiyeisali alipewa masufuria. Wiki nzima nilikwangua ukoko wa ugali kwa mchanga huku nasikia wenzangu wanaimba. Hakuna aliyenitukana. Mwalimu alikuwa mpole kabisa, sabuni ya mche alininunulia kwa hela yake. Nina miaka arobaini na moja sasa, na harufu ya sabuni ile haijanitoka.

Kwa hiyo nilipopata kikundi changu mwenyewe hapa mjini, nilisema sala kwetu itakuwa ya kimya, kila mtu na moyo wake. Kambi haiwekwi Ramadhani, Jumapili asubuhi hakuna gwaride. Nilijiona nimemaliza. Kiapo tulikiazima kwa skauti, kwa kuwa mlezi wetu, mzee mmoja mstaafu, aliwahi kuvaa skafu enzi zake: unaahidi kwa heshima yako kutimiza wajibu kwa Mungu na kwa nchi, kusaidia watu na kutii kanuni.

Mwishoni mwa 2015, korosho zimepamba moto, akaja kijana kutoka Newala. Kwenye fomu, palipoandikwa "Dini", akachora kistari. Mzee akamwita. Kijana akaeleza bila hofu: babu yake bado humwaga unga chini ya mti akiwaita wazee waliotangulia, mama yake hana habari na msikiti wala kanisa, na yeye mwenyewe hajajua asimame wapi. Mzee akasema pasipo Mungu hakuna kiapo, na hata Wazungu walioanzisha mambo haya hawamtaki asiye na Mungu.

Hapo nikaona uwanja wangu. Usiku kucha nilikuwa mtandaoni, asubuhi nikaamkia steshenari kuchapisha. Kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifanya ile kambi yake ya kwanza 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na kwamba skauti wa Uingereza hiyo hiyo, kuanzia Januari 2014, wanamruhusu asiye na dini atoe ahadi isiyomtaja Mungu, na Mwislamu anaweza kuanza yake kwa jina la Allah. Nikabandika na Katiba yetu ya 1977: ibara ya 19 juu ya uhuru wa kuamini, na ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, ambako neno dini limeandikwa wazi. Kikao kilikula saa tatu. Mzee alizisoma karatasi zote kwa miwani yenye mkono mmoja, akazikunja, akasema, "Haya, mwanasheria." Kijana akaapa kwa heshima yake, basi. Stori hiyo nimeisimulia kwenye kila kijiwe cha kahawa kuanzia Magomeni mpaka Mikindani, na naona hata leo nimeirefusha. Mnivumilie.

Ambalo sikuwahi kulisema kijiweni ni hili. Usiku ule nilikutana na ya Marekani pia. Skauti wa kule walimwondoa kiongozi msaidizi mmoja, James Dale, walipojua anapenda wanaume wenzake. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2000 majaji watano kwa wanne wakasema chama kina haki ya kumkataa. Wakaendelea kuvutana miaka na miaka. Januari 2014 vijana wa namna hiyo wakaanza kuruhusiwa, Julai 2015 viongozi watu wazima nao, ila makanisa yanayolea vikundi yakaachiwa kuchagua viongozi kwa imani yao. Wajibu kwa Mungu ukabaki palepale kwenye kiapo, kwa hiyo Mzee hakuwa amekosea sana. Ukurasa wa Uingereza niliuchapisha. Huu niliufunga haraka, kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta kuna mwenyewe.

Mwaka uliofuata tukapiga kambi Msangamkuu, ng'ambo ya pili ya kivuko. Msaidizi wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Sauti laini, anaongea na mikono, anavyopika pweza huwezi kuamini hajafundishwa na bibi yeyote. Watoto walimpenda. Siku ya pili minong'ono ikaanza, siku ya tatu wazazi wawili wakanipigia: huyo mtu wenu anatembeaje vile? Wapo waliotumia neno ambalo mnalijua.

Kuuliza "umeona nini?" kungenichukua sekunde mbili. Sikuuliza. Mzee safari hii hakusema kitu, alinitazama tu, nadhani akisubiri karatasi. Sikuwa nayo. Ibara ya 13 imetaja dini na jinsia, hili la mwanamume kupenda wanaume wenzake haikulitaja, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, ina kifungo kisichofanyiwa mzaha. Lakini kifungu kile kinaadhibu tendo, tena likithibitika mahakamani. Hakisemi lolote kuhusu sauti ya mtu wala mwendo wake. Nililijua hilo siku ile ile, nimesimama mchangani.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, ni kwa usalama wako." Begi nilimbebea mwenyewe mpaka kwenye kivuko. Akaniuliza, "Nimekosa nini, kaka?" Nikasema hujakosa. Nikampa nauli ya kivuko na ya boda kutoka Feri. Mwalimu wangu alinipa sabuni, mimi nikatoa nauli.

Sasa nyinyi mnaoongoza vikundi, na wengi mnaonisoma ama mnaongoza ama mnautamani uongozi, nisikilizeni. Futeni hicho kisanduku cha dini kwenye fomu, kinawasaidia nini? Mkitaka kujua nani anafunga na nani hali nguruwe, ulizeni habari ya chakula. Kiapo kiwe na njia zaidi ya moja, haligharimu hata karatasi. Na uvumi ukija, uliza: umeona nini, lini, wapi? Kama kuna mtoto ameguswa, hapo hakuna kikao, ni polisi siku hiyo hiyo, awe amefanya nani. Kama hakuna, minong'ono ife mbele yako. Kanuni ya kulinda watoto ni ya wote: mtu mzima hakai peke yake na mtoto hemani, awe shehe, awe mchungaji, awe mimi. Ukiwa na kanuni hiyo huna haja ya kupima mwendo wa mtu. Na usinyamaze. Nimesema uulize, narudia, usinyamaze, maana ukinyamaza wewe uliye mbele, watoto arobaini wanajifunza jambo kwa siku moja ambalo hutaweza kuwafundua kwa mwaka.

Najua kuna atakayesema kaka umebadilika, umeanza kutetea mambo ya nje. Kijana yule ni wa Mtwara hii hii, mama yake anauza ming'oko. Hakuna aliyemleta kwa ndege.

Dada wa Lindi, wewe karatasi unayo. Ibara ya 19 ni yako, ichapishe, ingia nayo kikaoni na ukae kwenye kiti chako. Ila ukishashinda, angalia kwenye hicho kikundi chako nani anasemwa na hana karatasi. Sikwambii umfanyie nini, wala mimi sikujua.

Agosti mwaka jana nilikwenda Nanenane, viwanja vya Ngongo. Kwenye banda moja la pampu za maji nikamwona. Amenenepa kidogo, anatengeneza injini za boti huko Lindi, na kwenye maonyesho alikuwa akiwaeleza wakulima namna ya kuvuta maji kisimani. Mikono ile ile inaongea. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Nikasema nimekuwa nikikufikiria, ile siku ya Msangamkuu, mdogo wangu, mimi nili...

"Kaka," akasema, kwa adabu tu, "nina wateja."