Maswali na Majibu: Dhana Isiyotajwa Kwenye Hoja

Kwenye LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, kuna njia ya mkato ya kuipata dhana ambayo hoja inaitegemea bila kuitaja?
Hakuna. Tafuta hitimisho, tafuta sababu zake, kisha angalia hitimisho limeingiza nini ambacho sababu hazikukigusa. Chimba hapo.

Hoja ilikuwa: "Nauli ya daladala ilipanda Mei. Juni abiria wakapungua. Kwa hiyo nauli ndiyo iliyowapunguza." Nikaulizwa hoja inategemea dhana gani, nikachagua "Abiria wengi wana kipato kidogo", nikakosa. Mbona ni kweli?
Ni kweli mtaani, lakini hukuulizwa hali ya mtaani. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara kosa ni lilelile: mtu anachagua anachokiamini badala ya kile ambacho hoja inakitegemea.

Kanusha jibu lako. Sema abiria wengi wana kipato kizuri. Hoja imeanguka? Hapana, mwenye kipato kizuri naye anaweza kukerwa na nauli akahamia bodaboda. Sasa kanusha lile chaguo uliloliruka: "Kupungua kwa abiria hakukutokana na likizo ya shule." Ukilikanusha, likizo ndiyo iliyowaondoa, na hoja imekwisha. Hilo ndilo jibu. Hata "Nauli ikishuka, abiria wote watarudi" ni mtego: hoja inaeleza yaliyotokea, haikuahidi yajayo.

Dhana ya lazima na dhana ya kutosha, si mulemule?
Si mulemule, na wanaodhani hivyo wanapoteza alama za bure. Chukua hoja hii: "Asha ni Mtanzania mwenye miaka 20, kwa hiyo anaweza kupiga kura." Dhana ya lazima: Asha amejiandikisha. Bila hiyo hapigi kura, lakini peke yake haimalizi kazi. Dhana ya kutosha: kila Mtanzania mwenye miaka 20 anaweza kupiga kura. Hiyo si kweli, ila ingekuwa kweli, hitimisho lingefuata moja kwa moja. Ndiyo maana maneno makali kama "kila" na "wote" hufaa kwenye dhana ya kutosha, na kwenye ya lazima yanapaswa kukutia shaka.

Kwa nini watunga mitihani wanaificha dhana?
Hawakuanza wao. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alieleza zamani kwamba msemaji huacha lile ambalo msikilizaji atalijaza mwenyewe: ukisema mwanamichezo Dorieus ameshinda mashindano ya Olympia, huna haja ya kuongeza kwamba zawadi ni taji, kila mtu anajua.

Hatari iko hapo hapo, kwenye kujaza bila kukagua. "Dawa hii ni ya asili, kwa hiyo haina madhara." Aliyejaza kwamba vya asili vyote ni salama ni wewe, muuzaji hakutamka. Mihogo michungu ni ya asili, na isipoandaliwa vizuri ina sumu ya sianidi. Ugonjwa wa konzo, unaoletwa na sumu hiyo, umelemaza miguu ya watu Kongo, Msumbiji na hata Tanzania. Ningependa somo hili lifundishwe sekondari, lisingoje mtu aombe chuo Marekani.

LSAT wameondoa michezo ya mantiki, yale mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa masharti. Nipunguze mazoezi ya hoja?
Ongeza. Tangu Agosti 2024, sehemu zenye alama ni tatu: mbili za hoja na moja ya ufahamu. Na anayekuuzia "maswali yaliyovuja" usimpe hata senti.