Moshi mweusi, gari haivuti: maswali yenu kuhusu HiAce za dizeli

Siku hizi maswali yanayonifikia yanafanana sana, HiAce ya dizeli inatoa moshi mweusi tii na mlimani haivuti, na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa anunue nozo zote nne (zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda) au pampu nzima ya dizeli kabla hata mtu hajafungua boksi la ea klina akaangalia ndani. Hilo linaniuma kwa kweli, mana hiyo ni hela ya mtu aliyoihangaikia. Nimechukua maswali machache nayajibu hapa. Mkisoma shikeni hili kwanza: moshi mweusi ni masizi, na masizi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo, kama kibatari ukipandisha utambi kupita kiasi. Kwa hiyo aidha hewa ni pungufu au mafuta yamezidi, na mimi siku zote naanza na hewa kwa sababu kuikagua haina gharama. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe ni dizeli imetoka bila kuungua au ni maji, leo hizo tunaziacha.

Shikamoo fundi. Nina HiAce yenye injini ya 2KD, Dar kwenda Bagamoyo. Imeanza moshi mweusi ghafla tu, nikikanyaga inapiga kelele fyuuu na haichanganyi. Taa ya chek injini haijawaka. Fundi anasema nozo zote nne zimekufa. Nifanyeje?

Marahaba ndugu yangu. Usinunue nozo bado. Maneno mawili uliyoandika yananitosha kuanza nayo, "ghafla" na "fyuuu". Nozo zikichoka huwa zinachoka taratibu, gari inaanza kugonga kidogo kidogo, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) inakuwa haitulii, asubuhi kuwaka ni shida, na ni nadra sana zote nne zife siku moja. Ila hozi inapasuka au klipu inaachia kwa siku moja, na ule mluzi ni upepo wa tabo (turbo, inayosukumia injini hewa) unaotoroka kabla haujafika kwenye injini.

Nyanyua siti za mbele ufikie injini, ifuate hozi kutoka kwenye tabo mpaka inapoingilia kwenye injini, kama yako ina intakula (kile kipoza upepo wa tabo) basi pitia na hozi zake zote mbili, ya kuingia na ya kutoka. Usiangalie kwa juu tu. Pitisha mkono kwa chini pale hozi inapopinda (injini ikiwa imezimwa na imepoa, tafadhali), mana ufa mara nyingi unakuwa upande usioonekana, alafu ukiikunja ndo unafunguka kama mdomo. Alama nyingine ni mafuta mafuta yaliyoshikana na vumbi kuzunguka klipu, unyevu kidogo wa oili ndani ya hozi za tabo ni kawaida lakini ukiona kwa nje pameota tope jeusi hapo ujue upepo unatokea hapo hapo. Fundi mwenye kompresa anaweza kuziba ile njia mwanzoni upande wa ea klina akasukumia upepo mdogo, bar 1 inatosha kabisa asizidishe, alafu mnapaka maji ya sabuni, penye kutoboka patatoa mapovu mtapaona wenyewe.

Kwanini moshi sasa? Kwenye gari zenye sensa ya hewa pale karibu na ea klina, kompyuta inapima hewa inayoingia na inamwaga dizeli kwa hesabu hiyo, sasa kama nusu ya hiyo hewa inatorokea njiani dizeli inabaki nyingi kuliko hewa, inatoka nyeusi. Na hiyo sensa yenyewe ikiwa chafu inadanganya, isafishe kwa spray yake maalumu, usiiguse kwa kidole wala kuipuliza na kompresa mana kale kawaya ka ndani ni kembamba kuliko unavyodhani. Ea klina nayo itoe uiangalie kwenye mwanga, kama mwanga haupenyi usihangaike kuipuliza tena, weka mpya.

Ukimaliza hayo yote na moshi upo pale pale, hapo ndo tuongelee nozo, na bado hatununui. Mwambie aliye na mashine ya kusoma kompyuta ya gari akufungulie ukurasa wa masahihisho ya kila nozo gari ikiwa ya moto na ipo sailensa, kila silinda ina namba yake, zikicheza karibu na sifuri ni nzima, ikiwepo moja imepanda au imeshuka kupita 3 hivi hiyo ndo ya kutoa ikapimwe kwenye benchi. Moja. Sio nne.

Mkuu mimi natumia injini ya 5L, haina tabo wala kompyuta. Nikitoka Moro kwenda Iringa poa, nikianza mlima Kitonga moshi unafunika magari ya nyuma. Fundi pampu alinifungulia kidogo nikapata nguvu lakini sasa moshi ndo umezidi na temperecha inapanda.

Rudi kwa huyo fundi arudishe hiyo skrubu ilipokuwa. Naongea kwa msisitizo kwa sababu hii ndo inaua 5L nyingi. Alichofungua ni kikomo cha mafuta kwenye pampu, yani kila ukikanyaga mpaka mwisho inamwagwa dizeli nyingi kuliko injini inavyoweza kuunguza, ile nguvu uliyoipata mwanzoni ni ya kweli lakini ni ndogo, kinachoongezeka zaidi ni moto ndani ya silinda na joto kwenye ekzosi, na kwenye 5L joto likizidi silinda hedi inapasuka. Hapo utakuwa umenunua nguvu ya kupandia Kitonga kwa bei ya hedi.

Alafu elewa kwamba ukipanda hewa nayo inapungua. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ya huko ni nyepesi kama asilimia 15 kuliko ya Dar, na injini isiyo na tabo haina wa kuisukumia. Kwa hiyo moshi kiasi mlimani na mzigo umejaa hiyo sio ugonjwa. Shusha gia mapema kabla gari haijachoka, usiikanyage mpaka chini ikiwa kwenye gia kubwa inakokota, mana hapo ndo unamwaga dizeli nyingi kwenye mzunguko mdogo na hewa yenyewe hakuna. Kama hata baada ya kurudisha skrubu bado inatoa moshi kwenye tambarare, peleka nozo zipimwe presha ya kufungukia na zinavyonyunyiza, nozo nzuri inatoa ukungu, mbovu inachuruzika. Na taimingi ya pampu iangaliwe, ikichelewa nayo inaleta moshi.

Niko Nairobi, ni mwenye matatu ya injini ya 1KD. Nikipanda Limuru inafika kama rpm 2,500 halafu inajifunga, haiendi mbele, check engine inawaka. Nikizima na kuwasha inarudi sawa. Moshi hakuna. Makanika anataka kubadilisha turbo.

Boss, hapo kwenye "moshi hakuna" ndo umeniambia jambo kubwa kuliko yote. Gari ikikosa nguvu na moshi mweusi, tafuta hewa. Ikikosa nguvu bila moshi, mara nyingi ni mafuta ndo hayafiki, au kompyuta yenyewe imeyapunguza kuilinda injini. Yako inajilinda, ndo mana ukizima na kuwasha inasahau.

Usikubali mtu atoe betri kufuta taa kabla namba ya hitilafu haijasomwa na kuandikwa kwenye karatasi. Ikitoka P0087 maana yake presha ya dizeli kwenye reli (bomba linalogawia nozo dizeli) iko chini, anza na filta ya dizeli, ukute ndo imeziba basi umemaliza kwa bei ya filta, ukishaitoa mimina uchafu wake kwenye chupa safi ya kioo uone kama kuna maji. Kisha angalia mabomba ya kutoka tangi kama hayanyonyi upepo, halafu ile valvu ya SCV inayokaa kwenye pampu na kudhibiti dizeli inayoingia, hiyo ikichoka sailensa inapanda na kushuka na gari inakosa nguvu, na inauzwa peke yake, hakuna haja ya pampu nzima. Ikitoka P0299 hapo ndo upepo wa tabo hautoshi, na hata hapo tabo haitolewi kwanza, angalia hozi kama nilivyomwambia wa Dar, angalia kile kinachovuta mkono wa tabo kama kinacheza, na mabawa madogo ya ndani yanaganda kwa masizi, mara nyingi yanasafishika.

Mafuta ya kuchakachua yanaleta moshi mweusi?

Dizeli mara nyingi inachakachuliwa kwa mafuta ya taa, nayo ni mepesi, hayazidishi masizi. Kinachoumia ni pampu na nozo, mana dizeli ndo inazilainisha na mafuta ya taa hayana huo utelezi. Baadaye nozo zikishalika ndo moshi unakuja, na wakati huo huwezi tena kujua ulijaza wapi. EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta Tanzania, walianzisha uwekaji wa kinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010 kwa ajili hiyo hiyo, kwa hiyo ukiwa na mashaka na kituo tunza risiti na uripoti.

Fundi, naambiwa niizibe EGR kwa kipande cha bati, moshi utaisha. Ni kweli?

Kama imekwama wazi, moshi utapungua ndio, kwa sababu EGR inarudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini na ikikwama wazi hewa safi inakosa nafasi. Ila mimi nashauri kuitoa na kuisafisha, kwanza kwenye gari nyingi za kompyuta ukiiziba taa inawaka na nguvu inapunguzwa hivyo hivyo, na pili uchafu wa miaka yote umebaki kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Mkishatoa EGR chungulieni humo ndani, kuna gari masizi na mvuke wa oili vimeshikana vigumu kama lami mpaka tundu limebaki la kupita kidole gumba tu, hapo utaziba EGR leo na gari bado haitapumua. Itolewe yote, ikwanguliwe, gasketi mpya.

Yangu ni 2KD, asubuhi inapiga "chu chu chu" kwenye injini, oili imekuwa nzito na nyeusi, jana taa ya oili imewaka nikiwa sailensa ikazima. Moshi upo. Naweza kuendelea na kazi mpaka mwisho wa mwezi?

Hapana. Paki hiyo gari leo. Chini ya kila nozo kuna washa ya shaba inayoziba moto wa silinda usipande juu, ikichoka moto unapenya pembeni ya nozo, hiyo ndo "chu chu" unayoisikia injini ikiwa ya baridi. Masizi yanaingia kwenye oili, yanakuwa ute mweusi, unashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na kuziba kichujio cha pampu ya oili. Taa iliyowaka ni hiyo. Tabo ndo inaanza kufa, kisha beringi za krenki, na hapo unaongelea injini nyingine. Washa ni spea ndogo kabisa. Wakitoa nozo waweke washa mpya zote, wasirudishe za zamani hata zikionekana nzima, kila nozo irudi silinda yake, na sampu lazima ishushwe kichujio kisafishwe. Kumwaga oili tu na kuweka nyingine haitoshi hata kidogo.

Habari kaka, nina HiAce ya kubeba wanafunzi. Moshi unaingia ndani na watoto wanalalamika vichwa. Fundi kasema nifungue madirisha.

Salama dada. Watoto wasipande mpaka itengenezwe, naomba sana. Injini ya HiAce iko chini ya siti za mbele, ekzosi ikivuja pale kwenye manifodi moshi unapanda ndani moja kwa moja, na kuna gesi humo isiyo na harufu inayoanza na kichwa kuuma hivyo hivyo. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani mwaka 2012. Madirisha sio dawa, mlango wa nyuma ukiwa haufungi vizuri kufungua madirisha kunaweza hata kuvuta moshi zaidi ndani. Waangalie gasketi ya manifodi, viungo vya ekzosi, mfuniko wa injini chini ya siti na raba ya mlango wa nyuma, ndipo waje kwenye chanzo cha moshi wenyewe.

Gari haivuti lakini moshi hakuna, taa hakuna, filta mpya. Nimechoka.

Endesha kilomita kadhaa tambarare, simama bila kukanyaga breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Ikiwepo moja inachoma kuliko wenzake, breki imekamata na injini inaburuta huo mzigo siku nzima. Zikiwa sawa zote, panda kilima kwenye gia ya nne, ukiona mzunguko unapanda na spidi haipandi ni klachi inateleza. Injini yako waiache kama ilivyo.